Bi Pindua na Mapazia Yaliyokunja Pembe

Ukimkaribisha shangazi yangu nyumbani kwako, atakusalimu vizuri, atakaa pale utakapomwonyesha, ataulizia afya za watoto, na kabla hujamaliza kujibu atakuwa ameshashika ncha ya pazia lako na kuigeuza aone ndani kukoje. Hawezi kujizuia. Mtaani wanamwita Bi Pindua. Anajua, wala hakasiriki. Husema nguo ni kama mgeni mwenye adabu za sebuleni: nje anachekacheka tu, ukitaka kumjua mfuate jikoni.

Nilihamia kwake nilipoanza sekondari, maana shule iko karibu naye kuliko kwetu. Baba, ambaye ni mdogo wake, alinisindikiza na sanduku langu. Hata sijakaa, Shangazi akalifungua lile sanduku, akatoa koti langu jipya la shule, akalipindua.

"Nani kashona hii?"

"Tumelinunua dukani, dada," baba akajibu.

"Ndiyo maana. Bitana imebana mgongoni, haikuachiwa mkunjo wa kupumulia. Mtoto akinyoosha mkono kujibu swali, kwapa linachanika. Walitaka asijibu?"

"Dada, ni koti tu."

"Kila kitu ni 'tu' mpaka kichanike mbele za watu."

Baba alicheka. Mimi nilikaa muhula mzima nikiogopa kunyoosha mkono, na walimu wakaandika kwamba ni mtoto mpole.

Kabla ya kukaa na Shangazi nilidhani bitana ni kitambaa ambacho fundi amekosa pa kukiweka, akakificha ndani ya nguo. Kumbe bitana ndiyo inayofanya mkono uteleze kwenye koti badala ya kukwama kiwikoni. Ndiyo inayozuia sketi isikung'ang'anie miguuni kama mtoto anayelilia kubebwa. Kwenye pazia ndiyo inayopokea jua la mchana ili kitambaa cha mbele kibaki na rangi yake, na ndiyo inayolipa pazia uzito, lianguke kwa heshima lisipeperuke kama leso. Ila bitana ina ubaya mmoja: haionekani. Fundi akitaka kukuibia, haibi mbele, anaiba ndani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi hupenda kusema, na akisema huwa anatazama nguo yako kweli.

Hakuzaliwa na shaka zile. Alipokuwa msichana alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja mwenye jina kubwa. Watu walileta makoti yao ya kupunguzwa, yule fundi anafumua bitana nzuri ya kuteleza, anaweka ya ovyo inayokwaruza, halafu ile nzuri anaishonea nguo za wengine. Wenye makoti hawakugundua kitu. Aliyegundua ni Shangazi. Akamwambia mteja mmoja. Mteja akamuuliza fundi, fundi akaapa, na siku hiyo hiyo Shangazi akatolewa nje na mkasi wake mkononi, akiitwa mwongo. Tangu hapo haamini kitu ambacho hajakipindua. Maziwa anayanusa dukani na kuyanusa tena nyumbani, kana kwamba njiani yanaweza kubadilishana na mengine. Saa ya ukutani ikisimama haulizi kama betri imeisha. Anauliza, "Nani kaishika?"

Nami kwa kukaa naye nikaambukizwa. Nilianza kupindua soksi za wenzangu.

Basi, akaja Mama Wageni. Huyu ni mwenye nyumba ya wageni iliyoko kwenye kona ya barabara kubwa, jengo la gorofa moja lenye madirisha yanayotazama jua la mchana. Ni mama wa haraka, miwani iko juu ya kichwa siku zote na siku zote anaitafuta. Alileta pazia lake la zamani, limepauka mistari mistari.

"Bi Pindua, hebu liangalie. Nimelinunua juzijuzi tu."

Shangazi hakuangalia mbele. Akaligeuza. "Halina bitana. Umelianika uchi juani, ulitaka libaki na haya?"

"Basi nishonee yenye bitana. Tuanze na vyumba vya juu. Yakinipendeza, utanishonea na ya chini na ya ukumbini."

Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kesho yake nilipotoka shule tulikwenda wote kwa muuza vitambaa, mzee mmoja anayeitwa Mita kwa sababu ya ile rula ya mbao anayotembea nayo kama fimbo. Mita alipomwona Shangazi mlangoni alishusha pumzi.

"Karibu, mwalimu wa mitihani."

"Nataka bitana ya mapazia. Ya pamba."

"Nailoni ni nyepesi, dada, tena inakauka upesi."

"Na ikipigwa na upepo inanong'ona usiku kucha. Mgeni atadhani kuna mtu chumbani. Nipe pamba."

Mita akatoa jora la rangi ya maziwa. Shangazi akaanza. Alichomoa uzi mmoja pembeni, akauchoma na kiberiti, akanusa moshi: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini, nailoni hujikunja ikawa kishanga kigumu. Akafinya kitambaa ngumini, akakiachia, akatazama kilivyokunjamana. Akakiinua mbele ya mlango aone mwanga unapita kiasi gani. Akaweka mkono wake upande wa pili, akaniuliza, "Vidole unaviona?"

"Kivuli tu, Shangazi."

"Vizuri. Ukiona mpaka kucha, hiyo si bitana, ni chandarua."

"Dada," Mita akasema, "hata bibi harusi hakaguliwi hivi."

"Ndiyo maana ndoa zinavunjika."

Akafungua jora lote mpaka mwisho, juu ya meza, juu ya viti, juu ya magoti ya Mita mwenyewe, aone kama katikati halikuungwa. Halikuungwa. Nilimtazama Mita usoni nione kama anatoa jasho. Alikuwa anapiga miayo.

Sasa kuna jambo moja kuhusu pamba ambalo kila fundi analijua. Ikiguswa na maji mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua urefu. Ukiishona kabla haijaloa, pazia likifuliwa bitana itafupika na kitambaa cha mbele kitabaki kilivyo, na hapo wawili hao wataanza kuvutana kama mke na mume wasiosemezana. Kwa hiyo Shangazi hailazi bitana mezani kabla hajailoweka na kuikausha. Kwa kawaida huitandaza uani juu ya kamba nyingi, imelala kama mtu kitandani.

Lakini wiki ile shuka la jirani lilikuwa limepotea uani. Jirani alisema limepeperushwa na upepo. Shangazi akasema upepo hauchagui shuka jipya ukaacha la zamani.

Nilipotoka shule nikakuta ajabu. Ile bitana yote ilikuwa imekatwa vipande virefu, vimefungwa juu kwenye chuma cha roshani yetu, vinaning'inia mpaka karibu na chini, vinachuruzika maji. Na mwisho wa kila kipande kulikuwa na tofali, limefungwa kwa kamba.

"Shangazi, haya matofali ya nini?"

"Upepo usipeperushe. Na mtu akija kuvuta, tofali litamsalimia kidoleni."

Matofali yalikwisha kabla ya vipande. Kile cha mwisho alikitandaza juu ya kitanda changu, na usiku nikalalia mkeka.

Mapazia yalishonwa. Mbele yalikuwa ya kijani kizito, nyuma maziwa. Bitana aliikata fupi kidogo kuliko kitambaa cha mbele ili isichungulie chini, akaishona pembeni kote, pindo la chini akaliacha kila kitambaa na lake. Ile bitana iliyolala kitandani kwangu ilitosha pazia dogo la dirisha la ngazi. Siku ya kuyatundika, Mama Wageni alisimama katikati ya chumba, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena juu ya kichwa.

"Acha kwanza," akasema. "Yakifuliwa mara moja yakabaki hivi, ya chini ni yako."

Kiangazi kikaja na vumbi lake. Siku moja nilikuwa nafanya hesabu kwenye pembe ya meza ya kukatia, Shangazi yuko kwenye cherehani, mlango ukasukumwa. Mama Wageni akaingia na mapazia mikononi kama amebeba mgonjwa.

"Njoo uone kazi yako, Bi Pindua."

Akalishika moja juu kwa mikono miwili, akasimama kwenye kiti. Lo! Pembe mbili za chini zilikuwa zimepanda juu, upana wa kiganja. Katikati kumeshuka kama kitambi. Pembeni kote mshono umekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Shangazi akalipokea. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, toka juu mpaka chini.

"Nani kafua?"

"Dobi wangu. Povu."

"Kachemsha."

"Anasema hapana. Anasema maji baridi."

"Atasemaje? Mama, hii bitana niliiloweka mwenyewe, kwa mikono yangu. Pamba ikisharudi imesharudi. Kitu pekee cha kuirudisha tena namna hii ni maji ya moto. Huyo mtu kachemsha mapazia yako, na anakudanganya machoni."

Mama Wageni akashuka kwenye kiti. "Basi mwisho wa wiki atafute pa kwenda. Na kile chumba cha nyuma akiache. Siwezi kukaa na mtu anayeharibu halafu anaapa."

Povu nilikuwa namjua kwa kumwona. Mrefu, mnyamavu, vidole vyake vimesinyaa kwa maji kama vya mtoto aliyekaa sana bafuni. Alikuwa anafua pale na kulala palepale, kwenye chumba kidogo nyuma ya jengo. Nilimhurumia kidogo, lakini si sana. Shangazi alikuwa amesema, na Shangazi aliwahi kukosea lini?

Ila nilitaka kuona. Ndivyo nilivyo. Kesho yake baada ya shule nilipitia nyuma ya nyumba ya wageni, nikachungulia kwenye ukuta. Nikaona moshi. Nikaona jiko, na juu ya jiko sufuria kubwa ya kuweza kuchemshia mtu, inatoka mvuke. Nimemkamata! Povu alikuwa anakoroga na mti, anatazama huku na huku. Aliponiona alifunika upesi.

"We mtoto, unataka nini?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Unachemsha nini?"

Akafunua sufuria. "Shuka. Nyeupe. Shuka nyeupe usipochemsha zinakuwa rangi ya chai. Wewe si yule wa kwa Bi Pindua? Kakutuma kunipindua?"

"Hajanituma. Mbona umefunika uliponiona?"

"Ningeacha vumbi la viatu vyako liingie?"

"Na mapazia?"

"Mapazia nimefulia pale." Akaonyesha karo la saruji. "Maji ya bomba. Hayajui hata moto una rangi gani. Lakini nani atamsikiliza Povu? Mwenye mkasi kasema."

Sikumwamini. Mwongo mzuri ndivyo anavyojibu, kwa utulivu, na sababu anayo. Nikazunguka mbele nikamwomba msichana wa mapokezi aniruhusu nikayaangalie mapazia yaliyokuwa bado yametundikwa. Chumba cha kwanza, pembe zimejikunja. Cha pili, vilevile. Nikawa nashuka ngazi huku nishatoa hukumu, ndipo nikasimama.

Pazia dogo la dirisha la ngazi lilikuwa limenyooka. Pembe zake zimekaa chini kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Nikaligeuza, nikanusa. Sabuni ileile.

"Dada, hili nalo lilifuliwa?" nikamuuliza yule wa mapokezi kule chini.

"Yote yalifuliwa siku moja," akasema. "Povu alichukua yote kwa mkupuo mmoja. Kwani vipi?"

Vipi ndiyo niliyokuwa najiuliza. Kama aliyachemsha yote, hili lilijificha wapi? Nikaanza kushuku watu wengine. Nikamshuku Mita, labda jora lile lilikuwa na mwisho wa pamba nzuri na mwanzo wa pamba mbaya. Lakini nilikuwepo, liliguswa lote. Nikamshuku msichana wa mapokezi, bila sababu, kwa kuwa tu alikuwa karibu. Kisha, nikiwa njiani kurudi, nikajikuta namshuku mtu ambaye sikuthubutu kumtaja hata kichwani. Kwa maana hilo pazia dogo ndilo pekee ambalo bitana yake ililala kitandani kwangu. Zote nyingine zilining'inia na tofali.

Nyumbani, Shangazi alikuwa ametoka. Kwenye kikapu cha vitambaa kulibaki ukanda mrefu wa bitana ile, uliokatwa kwenye kipande kilichofungwa tofali. Niliujua kwa alama ya kamba kwenye ncha yake. Nikaulaza mezani, nikaupima kwa tepu, nikaweka alama ya kalamu pembeni mwa meza. Nikalijaza beseni maji ya bomba, nikautumbukiza. Nikaukamua, nikautandaza juu ya meza palepale, nikapiga pasi ya vuguvugu mpaka ukakauka.

Haukufika kwenye alama. Haukufika hata karibu.

Ndivyo Shangazi alivyonikuta, nimesimama na pasi mkononi.

"Umeunguza nini?"

"Sijaunguza, Shangazi. Nilikuwa napima."

Nikamweleza. Kwanza nilieleza vizuri, halafu nilipoona uso wake nikaanza kueleza haraka. Kwamba kitambaa kikilowa kinalegea. Kwamba tofali lilikuwa linakivuta wakati kinakauka, kikakauka kimenyooshwa kama mpira. Kwamba kilikuwa kinasubiri tu maji mengine kiachie. Kwamba Povu hakuchemsha.

Alinitazama kama anavyotazama maziwa.

"Maji uliyoweka yalikuwa ya moto."

"Ya bomba, Shangazi."

"Pasi ilikuwa kali."

"Ya vuguvugu."

"Alama umeikosea."

"Basi rudia mwenyewe."

Ningemjibu mama yangu hivyo ningekiona cha mtema kuni. Lakini Shangazi hakukasirika. Kwa mtu kama yeye, kuambiwa arudie mwenyewe ni kuheshimiwa. Akachagua kikapuni ukanda mwingine wenye alama ya kamba, akauchunguza pande zote. Akapima yeye. Akaweka alama kwa chaki yake, si kwa kalamu yangu. Beseni alilisugua kwanza, akanusa. Maji alichota yeye, akatia kiwiko kama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Halafu akavuta kigoda akakaa mbele ya beseni, mikono magotini, akilitazama, nami akaniamuru nikae upande wa pili wa chumba, mbali.

"Unadhani nitatia nini?" nikauliza.

"Sidhani. Naangalia."

Jirani alipita mlangoni akachungulia. "Bi Pindua, unamlinda samaki?"

"Pita na safari yako."

Ukanda ulipokauka, aliulaza mezani kwenye alama yake ya chaki. Akauvuta kidogo kwa kidole, kama anayeusihi. Haukufika. Akaupindua, upande wa pili nao ni uleule.

Alikwenda roshani, akasimama kule mgongo akinipa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ya chini.

"Aliyenifukuza mimi," akasema, "alijua anasema uongo. Mimi nimemwangusha mtu huku nikijiona nasema kweli. Ipi mbaya zaidi?"

Shuleni hawaulizi maswali kama hayo.

"Unaweza kunyamaza," nikasema kwa kujaribu. "Mama Wageni hajui."

Alinigeukia kwa namna ambayo nilirudi nyuma hatua. "Mimi na bitana mbovu tutakuwa na tofauti gani?"

Akavaa mtandio wake, tukatoka.

Mama Wageni alikuwa mapokezi, anatafuta miwani. Shangazi hakukaa, wala pazia lolote hakuligusa, hapo ndipo nilipojua anaumwa kweli.

"Mama, yule dobi hakuchemsha. Kosa ni langu."

Mama Wageni akaacha kutafuta. Akamtazama, akanitazama, akamtazama tena.

"Amekupa nini?"

"Nani?"

"Povu. Amekuja kukulilia? Ni ndugu yenu? Bi Pindua, jana uliniapia kwako kachemsha. Leo unakuja na mtoto kuniambia kosa ni lako. Nani anafanya hivyo? Kuna kitu hapa."

Nilitaka kucheka na sikuthubutu. Shangazi wangu, aliyeshuku dunia nzima, amesema kweli moja ya kumuumiza mwenyewe, na haaminiwi.

"Usiniamini," akasema. "Twende kwenye ngazi."

Akamwonyesha lile pazia dogo. Akaeleza habari ya matofali, neno kwa neno, hakuficha hata ile ya kidole cha mwizi. Akashusha pazia kubwa moja, akatoa kiwembe kwenye mkoba, akafumua mshono wa pembeni mbele ya macho ya Mama Wageni na yule msichana wa mapokezi. Kadiri uzi ulivyokatika, kitambaa cha kijani kilishuka, kikanyooka, kikakaa, na bitana ikabaki juu, fupi, kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla.

"Kijani kingechemshwa rangi ingelegea, ingetoka hata kwa kusuguliwa. Sugua," akasema. "Sugua na kitambaa cheupe."

Mama Wageni akasugua kwa nguvu. Akatazama kitambaa cheupe. Cheupe.

"Povu aliyafua yote kwa mkupuo mmoja," Shangazi akasema. "Maji yale yale, sabuni ile ile. Hili dogo peke yake halikufungwa tofali."

Mama Wageni akakaa kwenye ngazi. "Kwa hiyo nimemwambia mtu wa watu afunge virago kwa neno lako."

"Kwa neno langu."

"Basi abaki. Povu abaki." Akainuka, akajipangusa. "Bitana za juu utazibadilisha. Lakini mapazia ya chini, Bi Pindua, nitampa fundi mwingine. Usinielewe vibaya. Nikiona pazia lako sasa, nitakuwa nalipindua kila siku."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Nadhani katika watu wote duniani, yeye ndiye angeweza kulielewa hilo.

Tukaenda nyuma. Povu alikuwa ameshatoa godoro nje, limekunjwa na kufungwa kamba. Shangazi akamwambia yote, amesimama wima, kama anayesoma tangazo. Povu alisikiliza huku anakamua shuka. Alipomaliza kulikamua, alilikung'uta, likalia paa!

"Nyani haoni kundule," akasema.

"Nimeliona sasa. Ndiyo maana nimekuja."

"Umemwambia mwenyewe? Mbele ya watu?"

"Mbele ya msichana wa mapokezi na huyu."

Povu akaning'iniza shuka, akaliweka vibanio. Akafungua kamba ya godoro, akalirudisha ndani, akatoka tena. Hakusema amesamehe. Akauliza, "Bitana mpya utaloweka wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye roshani?"

Shangazi akarekebisha mtandio wake.

"Lete hapa," Povu akasema. "Nina kamba nne za sambamba, na geti lina kufuli. Italala. Haitavutwa na kitu."

Nilimtazama Shangazi. Niliona kabisa maswali yakipanga foleni mdomoni mwake: maji gani, beseni gani, nani ana ufunguo wa hilo kufuli. Aliyameza moja moja.

"Haya," akasema.

Jumamosi tulilipeleka jora jipya vilevile Mita alivyolikabidhi, halijafunguliwa wala kukaguliwa. Shangazi alilifungua kwa Povu, akampa mikononi, akaaga. Tukatembea mpaka getini. Mimi nikatoka. Yeye akabaki, ameinama, nusu ya uso iko nyuma ya nguzo.

"Bi Pindua," sauti ya Povu ikatoka kule karoni, wala hakugeuka, "nakuona."

"Nafunga kamba za viatu!"

Alikuwa amevaa ndala.